Tusi, Fumbo na Lawama: Juu ya Hoja ya Kufungia Nyimbo

Magamba ni mahali palipoinuka juu ya mji wa Lushoto, katika milima ya Usambara, penye msitu mkubwa na baridi ambayo mtu wa pwani huistaajabia. Barabara itokayo Lushoto kwenda Lukozi na Mtae hupita hapo. Na pamoja na magari ya kabichi na viazi hupita nyimbo. Wimbo uliotungwa Dar es Salaam juzi huimbwa Magamba leo. Huja katika simu za mkononi, katika mabasi na katika vipaza sauti vya maduka, na ukifika hauulizi nani anasikiliza. Bibi aliyezaliwa na kuzeeka katika Kisambaa, mzee wa usharika wa Kilutheri, mwalimu wa madrasa, kijana wa kupakia mizigo na mtoto wa darasa la pili, wote huusikia kwa saa moja na kwa sauti moja. Kwa hiyo swali la kama wanamuziki wenye maneno ya kuchukiza wafungiwe nyimbo zao si swali la Dar es Salaam peke yake. Yamkini lina uzito zaidi mlimani kuliko mjini. Maana mjini aliyechukizwa huhamia baraza nyingine, na kijijini mara nyingi hakuna baraza ya pili.

Wenye kutaka nyimbo zifungiwe wana hoja, na si haki kuwadharau. Husema kwamba Kiswahili ni amana ya taifa, na amana haichezewi. Kwamba mtoto hujifunza neno kabla ya kujifunza mahali pa kulisema. Kwamba nyimbo nyingine humfanya mwanamke kuwa bidhaa ya kupimwa kwa macho. Wana na sheria pia. Katiba ya mwaka 1977 inatoa uhuru wa maoni katika ibara ya 18, lakini ibara ya 30 inaruhusu uhuru huo kuwekewa mipaka kwa ajili ya haki za wengine na masilahi ya umma. Sheria namba 23 ya mwaka 1984 iliunda Baraza la Sanaa la Taifa, na Baraza hilo ndilo ambalo mara nyingi husikika likitangaza kwamba wimbo fulani umefungiwa.

Lakini hoja njema huweza kuharibiwa na neno legelege, na neno legelege katika shauri hili ni “maadili”. Wimbo ukifungiwa, husemwa kwamba “umekiuka maadili”, na basi. Neno hilo ni kapu ambalo ndani yake vimetupwa vitu vitatu visivyofanana: tusi, fumbo la mambo ya mwili, na lawama kwa wenye nguvu. Kila kimoja kina desturi yake, kina madhara yake, na kingestahili dawa yake. Mganga anayewapa wagonjwa watatu dawa moja hupata sifa ya upesi tu, wala si sifa ya uganga.

Tusi ni neno linalomlenga mtu anayejulikana, kwa nia ya kumshushia heshima. Fasihi ya Kiswahili haikuanza kulijua jana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliwarushia watu wa Lamu tungo zenye ncha kali wakati miji hiyo ilipokuwa katika uhasama, na leo tungo hizo huhifadhiwa na kusomeshwa kwa heshima. Katika mji wa Tanga, ambao ndio makao ya mkoa ulio na Lushoto ndani yake, vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilishindana, na wapenzi wao walijua vema nani anaimbwa hata asipotajwa. Katika miaka ya 1990 mipasho ilikuwa biashara kubwa Dar es Salaam, kati ya Muungano na TOT. Na TOT kilikuwa kikundi cha chama tawala. Watu walilipa kiingilio ili wasikie wenzao wakichambuliwa, wakatuza, wakarudi nyumbani wakicheka. Haifai, basi, kusema kwamba kuumizana kwa wimbo ni tabia ngeni iliyoletwa na vijana.

Je, hakuna tusi linalostahili kuzuiwa? Lipo. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na huenda wimbo ukamsingizia mtu uovu asioutenda ukamharibia kazi na ndoa. Lakini aliyetukanwa ana jina, na mwenye jina ana mlango wa mahakama. Huko ataeleza alichopungukiwa, mtungaji atajibu, na hakimu atapima kwa ushahidi. Kamati inayokaa faraghani haina mlalamikaji wala ushahidi. Ina masikio yake tu.

Kitu cha pili, nacho ndicho kilichofungiwa mara nyingi zaidi katika miaka ya karibuni, ni neno la mwili, ama lililo wazi ama lililofumbwa. Hapa watetezi wa kufungia husema kwamba mila zetu hazikubali maneno hayo. Usemi huo una nusu ya ukweli. Mila zilikuwa na nyimbo za unyago zenye kumfundisha mwari mambo ya unyumba bila kificho. Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, ambaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Bi Kidude mpaka alipofariki mwezi Aprili 2013, alikuwa mwimbaji wa taarabu na pia mwalimu wa unyago, na hakuna aliyesema kwamba kazi yake ya pili iliichafua ile ya kwanza. Jandoni nako vijana waliimbishwa maneno ambayo wasingethubutu kuyatamka mbele ya mama zao. Mila hazikulifukuza neno. Zililipa chumba, zikalipa saa, zikamweka na mwenye ufunguo.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtu anayechunguza lugha. Neno pekee yake halina uchafu, kama vile kisu pekee yake hakina hatia. Aibu huzaliwa neno linapotoka mahali pake na kuingia pasipo pake: mkwe anapolisikia kwa mkwewe, mtoto kwa mzazi, umati kwa mgeni. Kwa hiyo anayeuliza “Je, neno hili ni chafu?” ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: lilisemwa na nani, kwa nani, wapi, saa ngapi?

Kamati zisipouliza nusu hiyo ya pili, huingia katika mashaka ya ajabu. Mwezi Novemba 2018 Baraza la Sanaa liliufungia wimbo “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Katika lawama zilizoelezwa lilikuwamo jina Nyegezi. Nyegezi ni sehemu ya mji wa Mwanza, watu hukaa huko na mabasi huegeshwa huko. Ila silabi mbili za mwanzo wa jina hilo zikitamkwa kwa mkazo na kurudiwa hulifikisha sikio kwenye neno la tamaa ya mwili. Mwezi Desemba waimbaji hao waliuimba jukwaani, tena mjini Mwanza kwenyewe, wakazuiwa kufanya maonyesho. Na mwezi Januari 2019 zuio likaondolewa. Hapana shaka kwamba watungaji walikusudia mchezo ule wa sauti, na si mchezo wa akili nyingi sana. Lakini mkaguzi angeandika nini katika kitabu chake? Kwamba jina la mtaa ni marufuku? Au kwamba silabi mbili ni marufuku na ya tatu inaruhusiwa? Fumbo halikai katika neno. Hukaa kati ya kinywa cha msemaji na akili ya msikilizaji, na mahali hapo pa katikati hapana mlango wa kufungia kufuli.

Mfano wa pili ni wa mwezi Machi 2018, wakati Roma Mkatoliki alipozuiwa kufanya kazi ya muziki kwa muda wa miezi sita kwa ajili ya wimbo “Kibamia”. Bamia ni zao la nchi za joto. Wakulima wa Magamba hawalilimi, na wengi wao hulijua sokoni tu. Kwa bibi wa Kisambaa aliyetajwa hapo juu, kibamia ni bamia ndogo, wala hakina neno. Kwa kijana wa Dar es Salaam ni dhihaka juu ya maumbile ya mwanamume. Zuio lilipotangazwa redioni na magazetini, kila mtu aliuliza sababu, na kila aliyeuliza akaelezwa. Hivyo fumbo ambalo lingalibaki kwa wanaolijua lilifasiriwa kwa taifa zima, na aliyelifasiri ni yule yule aliyetaka lisisikike. Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hawakufikiria kwamba siku moja kazi ya kuligangua ingefanywa na serikali.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya kuchekesha tu, na kwamba hasara ya kufungia wimbo wa mchezo ni ndogo. Basi na watazame wimbo ambao hasara yake haikuwa ndogo. Ramadhani Mtoro Ongala, ajulikanaye kwa jina la Remmy, mzaliwa wa Kindu katika Kongo mwaka 1947, alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 na akawa kiongozi wa Orchestra Super Matimila. Alijiita mtetezi wa watu wanyonge, na nyimbo zake za kifo na umaskini ziliwatoa watu machozi. Wakati huo ukimwi ulikuwa umekwisha ingia. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Remmy akatunga “Mambo kwa Soksi”, akiwashauri wanaume watumie mipira ya kujikinga, ambayo mtaani iliitwa soksi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikataa kuupiga wimbo huo, kwa sababu maneno yake yalihesabiwa kuwa ya aibu.

Ni lazima ikumbukwe redio hiyo ilikuwa nini. Mpaka redio za watu binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya kwake. Wimbo ulipigwa katika kumbi za dansi, na kanda zake zikanunuliwa mjini. Kwa hiyo mtu wa Kinondoni aliyekwenda dansi aliusikia ushauri ule. Mtu wa Magamba, ambaye dansi yake ilikuwa redio ya mkulima yenye betri mbili, hakuusikia. Mlango uliofungwa kwa jina la kulinda kijiji ulikifungia nje kijiji chenyewe. Na soksi, katika wimbo ule, lilikuwa neno la staha: mtungaji alikwepa jina la wazi akachukua la kiatuni, kama makungwi walivyofanya tangu zamani. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Katika miaka ile mficha uchi aliweza hata kuzikwa. Nyimbo ngapi zingeokoa watu wangapi ni hesabu isiyoweza kufanywa na mtu yeyote. Lakini kamati isiyoweza kupambanua kati ya neno la kuamsha tamaa na neno la kuzuia mauti, ingawa yote mawili yanataja kiungo kimoja, haifai kukabidhiwa ufunguo.

Kitu cha tatu katika kapu ni lawama. Huyu ndiye mgeni aliyeingia arusini kwa kadi ya mtu mwingine. Lawama haina neno la mwili wala haimsingizii mtu uongo. Huwaambia wenye nguvu kwamba wamekosea. Katika Usambara jambo hili lina historia ndefu. Wasambaa walikuwa na usemi wa kuiponya nchi na kuiharibu nchi, kuzifya shi na kubana shi, na walimpima mfalme wa Vugha kwa mizani hiyo: mvua ikikosekana na njaa ikiingia, watu waliuliza waziwazi kama mtawala anaiponya nchi au anaiharibu. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyeandika “Habari za Wakilindi” kwa Kiswahili, kitabu kilichochapishwa upya Nairobi mwaka 1962, aliwajua watawala hao kwa karibu. Na hata hivyo hakuyaficha maovu ya baadhi yao kwa Wabondei, mpaka Wabondei walipoinuka katika vita walivyoviita Kiva. Kama kitabu hicho kingepelekwa kwa wakaguzi wa maadili wa Vugha, kingerudi na kurasa chache.

Waimbaji wamefanya kazi hiyo hiyo. Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, aliimba “Kijiti”, habari ya mauaji ambayo mshitakiwa alitoroka na waliotoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Hakutukana mtu, alishtaki mahakama mbele ya watu, kwa sauti ambayo mahakama haikuwa na namna ya kuizima. Naye Shaaban Robert, mwana wa Tanga, katika “Kusadikika” ya mwaka 1951, alimsimamisha Karama kizimbani kwa kosa la kufundisha sheria, akamwacha msomaji aamue nani mwenye hatia, mshitakiwa au waliomshitaki.

Mwezi Machi 2017 Nay wa Mitego alitoa wimbo “Wapo”, unaohesabu watu wa tabia mbalimbali waliomo nchini na kuwachoma wenye nguvu. Alikamatwa Morogoro, akapelekwa Dar es Salaam, na Baraza likaufungia wimbo wake. Muda si muda Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda wimbo huo, kwamba mwimbaji aachiwe na wimbo upigwe, na kwamba ingekuwa vema mtungaji aongeze na wakosaji wengine, kama wakwepa kodi. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: ni nini kilichobadilika katika wimbo? Hapana neno lililoondolewa wala lililoongezwa. Vina vilikuwa vile vile na sauti ile ile. Kilichobadilika ni sikio la mkubwa mmoja. Ikiwa maneno yale yale huweza kuwa uovu kabla ya neno la mkubwa na kuwa wema baada yake, basi uovu haukuwa katika maneno. Na kwa kuwa wokovu ule ulikuwa hisani, wala si kanuni, haukumlinda mtu baadaye: mwaka 2024 mwimbaji yule yule alikabiliwa tena na Baraza kwa ajili ya wimbo “Nitasema”.

Hapo ndipo ubaya wa kapu unapoonekana. Mzazi wa Magamba aliyekubali kufungia nyimbo alikubali kwa ajili ya mtoto wake. Alikuwa akifikiria viuno na matusi. Hakuombwa kukubali kwamba mwimbaji akamatwe kwa kusema juu ya wakubwa. Lakini idhini aliyoitoa kwa la kwanza imetumika kwa la pili, kwa kuwa yote mawili yameandikwa neno moja.

Imebaki hoja iliyo ngumu kuliko zote, hoja ya mwanamke. Mwaka 2016 picha za wimbo “Chura” wa Snura Mushi zilizuiwa kwa sababu ya namna wachezaji walivyotikisa miili yao. Wapo wanawake wengi waliosema kwamba zuio lile ni la haki, na maumivu yao si ya kupuuzwa. Hata hivyo, tazama ni nini kilichozuiwa na ni nini kilichopita. Wimbo unaosema kwa lugha safi kabisa kwamba mke asiyezaa hana thamani, au kwamba kipigo ni dalili ya mapenzi, hupita mbele ya kamati bila kuguswa, kwa kuwa hauna neno la kukatwa. Dharau kubwa haivai nguo fupi. Huvaa kanzu na kusema kwa adabu. Mkaguzi anayewinda maneno hataiona kamwe. Mhakiki anayesoma maana huiona mara moja. Na huo ndio upungufu mkubwa wa siku hizi: nyimbo zinafungiwa nyingi na kuhakikiwa chache. Riwaya moja huandikiwa makala kumi, na wimbo unaoimbwa na nusu ya nchi haupati hata moja.

Ni nini basi kifanyike? Tusi liachiwe mahakama, mbele ya mlalamikaji mwenye jina. Lawama iachwe huru kabisa, wala isiguswe kwa kisingizio cha adabu. Neno la mwili lirudishiwe chumba chake: vyombo vya utangazaji vilipangie saa za usiku, halmashauri na serikali za vijiji zisimamie vipaza sauti vya stendi na vya maduka yaliyo karibu na shule. Kwa njia hiyo mtoto wa Magamba atalindwa kwa kuzimwa kipaza sauti cha Magamba, bila kulazimika kumnyamazisha mtu mzima wa Mtwara aliye ukumbini saa sita za usiku kwa tiketi yake. Hivyo ndivyo unyago ulivyofanya, na haukuhitaji kamati.

Na kama Baraza litaendelea kuwa na uwezo wa kufungia, basi lipewe sharti moja dogo. Kabla ya kufungia wimbo wowote liandike, kwa Kiswahili sanifu na mbele ya umma, sentensi moja inayotaja neno gani limekosa, kwa maana ipi, masikioni mwa nani, na limemdhuru nani. Nayo sentensi hiyo iweze kupingwa mahakamani. Kamati ikishindwa kuiandika, wimbo uendelee kuimbwa.